Baada ya klipu kukatika

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Simu nilikuwa nimeiacha ndani, juu ya friji, nikaisikia ikitetemeka mfululizo bila kupumzika. Nilipoifikia, kundi la WhatsApp la watu wa Bukoba, ambalo rafiki niliyesoma naye aliniingiza, lilikuwa na ujumbe zaidi ya mia. Wa kwanza ulikuwa klipu ya sekunde 41: ziwa la kijivu, mkia wa ndege umechomoza juu ya maji, mitumbwi miwili inaukaribia, na sauti ya kijana anayerekodi inasema, "Jamani, ndege. Ndege imeingia ziwani." Kisha picha inayumba, unaonekana mchanga, halafu klipu inakatika.

Ilikuwa saa tatu na dakika chache asubuhi. Ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa imetumbukia katika Ziwa Victoria muda mfupi tu kabla ya hapo, ikikaribia kutua uwanja wa Bukoba. Ofisi yoyote ya serikali niliyoijua ilikuwa haijasema neno. Mhariri wangu wa Dar alinipigia akiwa ameshaiona klipu hiyo hiyo, tayari imebandikwa nembo ya chombo kingine. Aliniuliza swali moja: "Tunaiweka?"

Nimeandika habari za Kanda ya Ziwa tangu 2008, na nilimwambia asubiri. Nataka kueleza kwa nini, maana jibu hilo nililijifunza kwa gharama ambayo sikuilipa mimi peke yangu.

Meli ya MV Bukoba ilipozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, nilikuwa na miaka 11, tunakaa Mwanza. Habari ilitufikia kwa miguu. Jirani aliyekuwa bandarini alirudi mbio, akamwambia baba, baba akavaa viatu akatoka. Sisi watoto tukabaki na redio ya mkulima, tunangoja taarifa ya habari ya Radio Tanzania kama watu wanaongoja mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Walikufa watu zaidi ya 800. Namba ilikuja polepole, majina yakaja polepole zaidi, na makaburi ya pamoja ya Igoma yapo mpaka leo. Baba alikuwa akirudi jioni na jambo moja au mawili tu, na kila jambo alilisema pamoja na aliyemwambia: "Hili nimelisikia kwa fulani, alikuwapo gatini." Sikujua wakati ule kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nilipoanza uandishi, chanzo cha habari kilikuwa mtu unayeweza kumtembelea. Asubuhi nilipita hospitali ya Bugando, nikasalimia wahudumu wa mapokezi na wa mochwari. Kutoka hapo mahakamani kwa karani mmoja mzee, halafu stendi ya Nyegezi kwa makondakta, jioni mwalo wa Kirumba kunakouzwa dagaa. Nilikuwa natumia daftari, na kila namba ya simu ilikuwa na maelezo pembeni: huyu ni mpenda sifa, huyu hasemi kitu Ijumaa, huyu akisema "sijui" ujue anajua. Nilikuwa nalipwa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo siku ambayo hakuna aliyefunua mdomo ilikuwa siku ya njaa. Sitaki kuupamba wakati ule. Wengi walikufa, walidhulumiwa, walinyang'anywa mashamba, na hatukusikia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutupigia na sisi nauli ya kuwafuata hatukuwa nayo.

Mambo yalibadilika kidogokidogo, halafu ghafla. Mpiga picha Issa Michuzi alikuwa ameshaanza blogu yake tangu 2005, na watu wa Dar walikuwa wakiona picha humo kabla gazeti halijachapwa. Kwetu mikoani ilikuja na WhatsApp. Kufikia Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka mita chache kutoka gati la Bwisya kisiwani Ukara, mimi sikuipata habari kwa karani wala kwa kondakta. Niliipata kwa sauti iliyorekodiwa na mwanamke aliyekuwa analia. Kivuko kilitengenezwa kubeba watu 101. Ilikuwa Alhamisi, watu wanatoka gulioni Bugolora na mizigo yao. Vifo vilianza kuhesabiwa makumi, vikawa mamia, hadi vikapita 220, na siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko akatolewa akiwa hai ndani ya chombo kilicholala kifudifudi.

Siku zile nilijifunza kwamba mtandao hauhesabu. Unakadiria, unaogopa, unaombea, na vyote vinatoka kwa umbo la namba. Nilipokea idadi tisa tofauti kwa jioni moja, zote "kutoka eneo la tukio". Nilijizuia. Niliandika tu ile iliyotolewa na mkuu wa mkoa, nikajiona mwandishi makini.

Mwaka uliofuata sikujizuia.

Mtumbwi wa abiria ulipinduka karibu na kisiwa kimoja, ajali ndogo ambayo haikufika mbali kitaifa. Jioni nikapata picha ya karatasi ya daftari yenye mistari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, majina 14. Chini yake mtu ameandika: "Marehemu wetu, tuwaombee." Picha ile ilinifikia kutoka makundi matatu, moja la wavuvi, moja la walimu, moja la kanisa, na kila kundi lina watu wake. Nikasema moyoni, vyanzo vitatu, hapa pamethibitika. Nikayachapa majina, nikayatuma, yakawekwa kwenye ukurasa wa gazeti kabla ya saa mbili usiku.

Dakika kama arobaini baadaye alinipigia dada mmoja. Hakunitukana. Alisema, "Dada, jina la saba ni la kaka yangu. Niko naye kwenye simu nyingine hapa. Lakini mama ameshasikia."

Karatasi ile ilikuwa imeandikwa na mwalimu wa shule ya msingi pale kisiwani. Ndugu walipofika wakilia, alikaa na daftari akaandika majina ya wanaotafutwa ili asimsahau mtu. Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa: WANAOTAFUTWA. Mtu wa kwanza kuituma alipiga picha vizuri. Wa pili au wa tatu aliikata juu ili majina yaonekane makubwa, na neno likaondoka. Makundi yangu matatu yalikuwa mdomo mmoja. Wote waliipata kwa mtu yule yule, nami nikawahesabu kama mashahidi watatu.

Asubuhi nilipanda gari nikaenda kwa yule mama. Nilimkuta ametulia, kijana wake amekaa pembeni yake akiwa mzima. Lakini turubai lilikuwa bado limefungwa uani, na viti vya kukodi vimepangwa, kwa sababu majirani walishaanza msiba usiku ule ule. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanikalisha chini ya turubai lile, akaniletea chai. Akaniambia, "Mwanangu, usiku nilikuwa nahesabu nani ataosha maiti." Nilikunywa chai ile nikiwa sina neno. Tuliomba radhi kwenye ukurasa siku hiyo, na majina yakafutwa, lakini picha za skrini zilikuwa zimeshaenda, na ziliendelea kuzunguka wiki nzima zikiwa na nembo ya gazeti letu. Waliokuwa wakizituma walisema, "Hata gazeti limeandika."

Ndiyo maana, miaka mitatu baadaye, nilimwambia mhariri asubiri.

Sikusubiri nimekaa. Nilimwandikia rafiki yangu aliyeiweka klipu ya ndege kundini: nani kakutumia? Akanitajia binamu yake. Nikampigia binamu, naye akasema kaipata kwa kijana wa bodaboda. Boda akasema kwa mdogo wake. Huko ndiko ninakokuita kupanda mto: unashika maji ulipoyakuta, unafuata juu mpaka chemchemi. Mara nyingi mto unapotea, unafika kwa mtu anayesema "nimeikuta tu". Hapo unajua huna chanzo, una uvumi wenye picha. Siku ile, kwenye simu ya tano, alipokea kijana mwenye sauti ile ile ya kwenye klipu. Anahema. Nyuma yake kelele za watu na maji.

Nilimuuliza amesimama wapi, mbele yake kuna nini, kulia kuna nini. Alijibu kama mtu anayeona. Nikamuuliza kama anakubali tuitumie klipu yake, na kama tutaje jina. Akasema tumieni, jina acheni. Nikamwomba anitumie ile ya asili kama faili, si kama video ya kawaida, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama video inaibana na kufuta habari za lini na wapi ilirekodiwa. Halafu nikauliza swali ambalo sikuwa nimelipanga: "Mbona iliishia pale?"

Akasema, "Dada, nilipewa kamba."

Mvuvi mmoja alikuwa amerudi ufukweni na ncha ya kamba, akamsukumia mikononi yeye na wenzake waliokuwa karibu, akasema vuta. Simu akaitia mfukoni. Kwa saa nzima iliyofuata hakurekodi kitu. Alichoniambia kuhusu saa hiyo ndicho nilichoandika: watu wanavuta kamba bila kujua imefungwa wapi, wavuvi waliofika kabla ya yeyote mwenye sare, na jinsi walivyokuwa wakinyamazishana ili wasikie kama kuna anayegonga ndani. Hayo yote hayamo katika sekunde 41. Klipu ile ilitazamwa mno nchi nzima, na habari yenyewe ilianzia pale ilipokatika.

Siku ile nayo namba ziliyumba. Mchana ilitangazwa kwamba walionusurika ni 26. Jioni Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Bukoba, akataja vifo 19. Ndani ya ndege walikuwamo watu 43, kwa hiyo walionusurika wakawa 24. Hapo ni maofisa wenyewe, sembuse makundi ya WhatsApp. Niliandika kila namba na saa yake na aliyeitoa, kama alivyofanya baba mwaka 1996.

Vijana wanaoanza kazi huniuliza kuhusu programu za kupekua picha. Zipo na zinasaidia. Ukiiweka picha kwenye utafutaji wa Google, unaweza kukuta mafuriko ya "jana Mwanza" yalitokea nchi nyingine miaka sita iliyopita. Wenzetu wa PesaCheck, mradi wa kuhakiki habari ulioanzia Kenya mwaka 2016, wameifanya kazi hiyo kwa nidhamu ninayoiheshimu. Lakini kipimo kilichoniokoa mara nyingi zaidi ni macho ya wenyeji. Siku moja ilizunguka picha ya chombo kilichopinduka, ikisemwa ni Ukerewe. Programu haikuniletea chochote. Nikaichukua simu hadi mwalo wa Kirumba, nikamwonyesha mzee mmoja anayeshona nyavu. Aliitazama muda mfupi tu akasema, "Hii ina mirengu pande zote mbili. Hii ni ngalawa ya pwani. Sisi huku hatuna." Akaendelea kushona. Vivyo hivyo kwa masikio: mtu anayesema yuko Ukara huku lafudhi yake ni ya Mombasa hunifanya niulize zaidi. Si kwamba mtu wa Mombasa hawezi kufika Ukara, ila lazima nijue alifikaje.

Nisieleweke vibaya, mitandao imenipa habari ambazo daftari langu la zamani lisingenipa kamwe. Mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa walianza kuelea wakiwa wamekufa upande wa Uganda na Kenya. Nilikuwa kwenye kundi la wavuvi na wachuuzi wa ziwa lote, watu wa Mwanza, Kisumu na Jinja, wanaozungumza Kiswahili cha kila namna, na picha zilinifikia kabla ya taarifa yoyote. Wengi walisema ziwa limetiwa sumu. Watu waliacha kununua samaki. Lakini katika mazungumzo yale yale mvuvi mmoja aliandika sentensi iliyonigutusha: wanaokufa ni sangara tu, tena wakubwa, furu na dagaa wazima. Nilimpigia mtaalamu wa samaki nikamsomea sentensi ile. Akaniambia sangara ndiye wa kwanza kuumia oksijeni inapopungua majini, na sumu isingewachagua. Baadaye mamlaka za Uganda nazo zilieleza hivyo, kwamba dhoruba zilikuwa zimeyachanganya maji ya chini yasiyo na hewa na ya juu. Mvuvi yule hajawahi kukanyaga chumba cha habari. Bila kundi lile nisingejua kwamba yupo.

Linaloniumiza ni kwamba watu kama yeye tunawachukulia kama kisima cha bure. Klipu ya yule kijana wa Bukoba niliihesabu kwa macho yangu ikiwa na nembo saba tofauti. Nilipomuuliza baadaye nani mwingine alimpigia, akasema hakuna. Kuna jambo baya zaidi ya kutomwomba ruhusa. Mara kadhaa nimeona picha ya skrini ya mazungumzo ya kundi imewekwa hadharani na namba ya simu ya aliyesema inasomeka wazi. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipite, watu wetu wanaogopa, na wana sababu ya kuogopa. Aliyeandika kwa ndugu zake kundini hakukubali kuwa shahidi mbele ya taifa. Mimi siku hizi huziba namba na jina hata ninapomtumia mhariri wangu tu, kwa sababu sijui simu ya mhariri itashikwa na nani kesho.

Viongozi nao wamehamia huko. Zamani kamanda wa polisi wa mkoa alituita ofisini, akasoma karatasi, nasi tukauliza. Wakati mwingine swali moja la mwandishi mchanga lilifungua kila kitu. Sasa taarifa inawekwa kwenye akaunti, inapigwa muhuri wa kidijitali, na vyombo ishirini vinainakili na makosa yake ya herufi. Hakuna aliyeuliza kitu. Wakati huo huo kuna watu wanaotengeneza "Taarifa kwa Umma" za kughushi, zenye nembo ya taifa na saini, nzuri kuliko za kweli. Tulizoea kusema: nenda kwenye akaunti rasmi uhakikishe. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ikadukuliwa na kuchapisha uzushi, na X yenyewe ikaacha kufunguka nchini. Siku hiyo waliokuwa na namba ya simu ya ofisa mmoja anayewajua kwa sauti walikuwa na kazi ya kufanya. Wengine walikaa wanatazamana.

Na kuna wale ambao hawamo kabisa. Visiwani kuna mahali mtu anapanda juu ya jiwe ndipo apate mtandao, na bando likiisha hapandi. Wanawake wanaoanika dagaa wamenieleza, uso kwa uso, jinsi mvua ya siku mbili inavyowatia hasara ya mkopo wa miezi sita. Sijawahi kuona klipu yake. Dagaa wanaooza juu ya mchanga si jambo la kurekodi na kutuma, hakuna kishindo. Nikikaa ofisini nikingoja simu itetemeke, wanawake wale watakuwa hawapo duniani. Kuna vijana hodari kwenye chumba chetu cha habari, wanajua kompyuta kuliko mimi kwa mbali, ambao wamemaliza mwaka mzima bila kupanda kivuko. Siwalaumu wao, wanahesabiwa kwa idadi ya waliotazama, na nauli haitolewi. Lakini nimemwambia mhariri wazi, na nitaendelea kumwambia, kwamba anayepunguza nauli ananunua uvumi.

Daftari bado ninalo, la nne sasa. Namba ni nyingi kuliko zamani, na maelezo ya pembeni yamebadilika. Siandiki tena nani mpenda sifa. Naandika mtu alisimama wapi: "huyu alikuwa gatini", "huyu aliona kwa dirisha la basi", "huyu alisimuliwa na shemeji". Kwa kijana wa Bukoba nimeandika neno moja, kamba.

Juzi usiku imeniingia sauti ya mama mmoja wa upande wa Sengerema, dakika mbili na nusu, anasema wamezuiwa kuchota maji mahali walipozoea. Imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Nimeshapanda mto hatua tatu na nimepata jina la kitongoji. Kesho alfajiri nitakuwa Kamanga kwenye kivuko cha kwanza, nikamsikilize kuanzia pale aliponyanyua kidole.